Rubani Asiyerudi

1. Ndege ya barua na ndege ya vita

Tarehe 28 Februari 1931 ilianza safari ya kwanza ya kuchukua barua kwa ndege kutoka London mpaka Mwanza. Barua zilipita Misri na Sudan, na huko Khartoum zikapakiwa katika ndege za namna ya mashua, ziwezazo kutua juu ya maji, hata zikafika Ziwa Viktoria. Zamani barua ya Ulaya ilisafiri majuma mengi katika meli na gari la moshi; sasa ilifika kwa siku kumi hivi. Wenyeji wa Usukuma na Uzinza, ambao tangu zamani waliijua mitumbwi na majahazi, waliona chombo kipya kikishuka kutoka mawinguni na kutulia juu ya maji kama bata.

Haikupita miaka kumi, chombo hicho kikapewa kazi nyingine. Tarehe 10 Juni 1940 Wataliani waliingia katika vita juu ya Waingereza. Siku zile Wataliani walikuwa wakitawala Uhabeshi, ndiyo Ethiopia, pamoja na Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia. Basi vita vikafika mpakani mwa Kenya, na ndege zao zikaangusha mabomu Wajir.

Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa wakaandikwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Wakaenda kaskazini kwa malori na kwa miguu, katika nchi ya miiba na kiu. Lakini askari wa nchi kavu, hata awe hodari namna gani, hawezi kuizuia ndege ipitayo juu ya kichwa chake. Ilipasa wapatikane watu wa kupigana angani pia. Wengi wa marubani waliokuja kwa kazi hiyo walitoka Afrika ya Kusini, na mmoja wao alikuwa John Frost. Somo hili ni habari ya rubani huyo: jinsi alivyopotea mara mbili, na jinsi alivyopatikana mara moja tu.

2. Kijana wa Queenstown

John Frost alizaliwa tarehe 16 Julai 1918 katika mji wa Queenstown, Jimbo la Cape. Rafiki zake walimwita Jack. Mwaka 1936 aliingia katika jeshi la anga la nchi yake, akajifunza urubani. Vita vilipokuja Afrika ya Mashariki alikuwa na cheo cha kapteni katika Kikosi cha Tatu, naye alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitatu.

Msomaji ajue na jambo hili pia. Katika jeshi la Afrika ya Kusini siku zile, kiti cha rubani kilikuwa cha Wazungu peke yao. Mwafrika wa nchi ile aliweza kuandikwa jeshini, akaendesha lori, akachimba mahandaki, akabeba majeruhi. Lakini sheria haikumruhusu kupewa bunduki. Haya yasisahauliwe, maana mbele katika somo hili atatokea mtu mmoja wa namna hiyo.

3. Kazi ya ndege ya kupigana

Ndege aliyoirusha Frost iliitwa Hurricane, maana yake tufani. Ilikuwa na injini moja na kiti kimoja. Ndani ya mabawa yake zilitiwa bunduki nane za mtombo. Mbio zake zilipita kilometa 500 kwa saa, yaani kwa dakika moja iliweza kwenda zaidi ya kilometa nane. Safari ya kutoka Katoro mpaka Geita, ambayo mtu wa miguu huimaliza kwa siku nzima na kuchoka, ndege ile ingeimaliza kwa dakika chache.

Watu wengi hudhani kwamba rubani wa vita hupigana muda mrefu, kama wapiganao kwa mikuki. Sivyo. Bunduki zile nane zilitoa risasi kwa haraka sana hata risasi zote za ndege zilikwisha kwa robo dakika. Kwa hiyo rubani mwenye akili hakufyatua mpaka amemkaribia adui kabisa. Na adui naye alifanya vivyo hivyo. Alipenda kuja kutoka upande wa jua, kwa sababu mtu hawezi kulikazia jua macho. Au alikuja kutoka nyuma na chini, mahali ambapo mkia wa ndege huficha. Marubani walifundishwa kugeuza shingo daima, kulia na kushoto, na kuangaliana mgongo, kila mtu akilinda nyuma ya mwenziwe.

Hapo ndipo penye hatari ya kupotea. Vita vinapoanza, ndege zilizokuwa pamoja hutawanyika kila upande. Mmoja hupinda kulia, mwingine hushuka chini, wa tatu humfukuza adui. Kwa dakika moja rafiki wawili waweza kuwa mbali kilometa kumi na sita. Dakika mbili zikipita, mbingu ambayo ilikuwa imejaa ndege huwa tupu, na rubani hujiona yu peke yake. Akirudi kiwanjani huwahesabu wenzake. Mmoja akikosekana, mara nyingi hakuna hata mtu mmoja awezaye kusema ameanguka wapi.

4. Siku ya Diredawa

Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi ya Keya, pamoja na askari wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika ya Kusini, yalivuka mpaka kuingia Somalia. Kisimayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25. Juu yao ndege za Kikosi cha Tatu zilikuwa zikizunguka. Tarehe 22 Februari Frost aliangusha ndege nne za adui kwa siku moja. Jina lake likajulikana katika jeshi lote.

Kutoka Mogadishu majeshi yaligeukia Uhabeshi. Tarehe 15 Machi 1941 Frost na wenzake walitumwa kushambulia kiwanja cha ndege cha Diredawa, mji ulio kando ya reli iendayo Addis Ababa. Mji huo ulikuwa bado mikononi mwa Wataliani. Waliposhuka chini kupiga ndege zilizokuwa kiwanjani, mizinga ya adui iliijibu hujuma yao, na ndege ya Frost ikapigwa. Haikuweza kurudi. Frost akaiteremsha katika kiwanja kidogo kilichokuwa karibu, katikati ya nchi ya adui, akatoka akasimama juu ya ardhi, peke yake.

Wenzake wangaliweza kwenda zao. Hakuna ambaye angaliwalaumu. Kila ndege ilikuwa na kiti kimoja tu. Lakini Luteni Bob Kershaw, alipomwona kapteni wake yuko chini, hakwenda zake. Aliteremsha magurudumu, akatua katika kiwanja kile kile huku adui akipiga.

Je, wale marubani wengine walifanya nini? Hawakutua wote, maana kama wangalitua wote, wangalipotea wote. Walibaki juu, wakazunguka, wakawapiga adui risasi ili wasimkaribie Kershaw. Mmoja alitua, wengine wakamlinda. Kila mtu alikuwa na kazi yake.

Frost akapanda, wakaketi wote wawili katika kiti kimoja, mmoja juu ya mapaja ya mwenziwe. Nafasi ile iliyofanywa kwa mtu mmoja haikuwaachia pa kujipinda. Basi wakagawana kazi ya kurusha: Frost akashika usukani, na Kershaw, aliyeweza kufikia vipini vingine, akavuta magurudumu na kutengeneza mabawa. Hivyo ndege moja ikarushwa na watu wawili kwa mikono minne, wakarudi salama. Kershaw alipewa nishani kubwa ya Distinguished Service Order kwa ajili ya siku hiyo.

Majuma mawili baadaye Diredawa ilitwaliwa. Tarehe 6 Aprili majeshi yakaingia Addis Ababa, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake.

5. Mchanga usiosema

Vita vya Uhabeshi vilipokwisha, Frost alipandishwa cheo kuwa meja, akapewa kukiongoza Kikosi cha Tano. Mwanzo wa mwaka 1942 walipelekwa katika jangwa la Libia na Misri, kupigana na Wajeremani na Wataliani waliokuwa wakiongozwa na Jemadari Rommel. Ndege zao sasa zilikuwa Tomahawk, zilizotengenezwa Marekani. Zilikuwa ndege imara, lakini Messerschmitt za Wajeremani zilikuwa na uwezo wa kupanda juu zaidi kuliko hizo. Na katika vita vya angani aliye juu humshukia aliye chini kama mwewe amshukiavyo kifaranga.

Mwezi wa Juni 1942 mambo yalikuwa mabaya. Rommel alikuwa akisonga mbele kwa nguvu, na mji wa Tobruk ulikuwa karibu kuanguka. Kila siku marubani wa Frost walipaa kuwalinda wenzao warushao ndege za mabomu, maana ndege ya mabomu ni nzito, wala haiwezi kujitetea vizuri kama ndege nyepesi. Tarehe 16 Juni Frost alipaa tena kwa kazi hiyo. Messerschmitt zikawajia, vita vikaanza, ndege zikatawanyika. Walionusurika walirudi. Frost hakurudi.

Safari hii hapakuwa na Kershaw, wala hapakuwa na kiwanja kidogo cha kutua. Hakuna aliyeweza kuonyesha mahali na kusema, Yuko pale. Siku tano baadaye Tobruk ikaanguka, na nchi ile yote ikawa ya adui. Vita vilipokwisha, watu walioagizwa kuwatafuta waliopotea walikwenda huko wakatafuta. Hawakuuona mwili wake, wala ndege yake. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka ishirini na minne. Alikuwa ameangusha ndege za adui 15 hivi, na katika vikosi vya Afrika ya Kusini vyenyewe hakuna aliyempita.

Yawezekanaje kitu kikubwa kama ndege kipotee? Jangwa ni pana kuliko macho ya watu. Upepo huchukua mchanga, huufukia hapa na kuufukua pale. Katika mwezi ule ule wa Juni 1942, tarehe 28, rubani mwingine jina lake Dennis Copping alipotea njia katika jangwa la Misri akiipeleka ndege yake kutengenezwa. Ndege hiyo ilionekana mwaka 2012, baada ya miaka 70, na wafanyakazi waliokuwa wakitafuta mafuta ya ardhini. Ilikuwa imekaa juu ya mchanga, mabawa na mkia yako mahali pake, lakini Copping mwenyewe hakuwamo. Jangwa lilirudisha chuma, lakini halikumrudisha mtu. Na ya Frost halijarudisha hata hicho chuma.

6. Mtu asiyepewa bunduki

Miezi minne baada ya kupotea kwa Frost, vita vikubwa vilipiganwa El Alamein katika nchi ya Misri. Huko alikuwako Lucas Majozi. Alikuwa mmojawapo wa Waafrika wa Afrika ya Kusini ambao walikatazwa kuchukua bunduki. Kazi yake ilikuwa kubeba majeruhi kwa machela.

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 kikosi chake kiliingia katikati ya mabomu yaliyozikwa ardhini na bunduki za mtombo. Watu wengi wakaanguka. Majozi na mwenziwe wakaenda mbele kuwachukua, wakawatoa, wakarudi tena. Majozi mwenyewe akapigwa na vipande vya kombora. Alipofika nyuma aliambiwa apumzike atibiwe, lakini alirudi mbele. Mbebaji mwenziwe naye alipojeruhiwa, Majozi aliwachukua watu mgongoni, peke yake, akifanya hivyo usiku kucha, hata akaanguka kwa kuchoka na kwa kupungukiwa na damu. Alipewa nishani ya Distinguished Conduct Medal. Hakuna askari mweusi wa Afrika ya Kusini aliyepewa nishani kubwa kuliko hiyo katika vita vile.

Basi mweke Majozi kando ya Kershaw uwatazame. Mmoja alikuwa afisa, Mzungu, naye alikuwa na ndege ya kasi na bunduki nane. Mwingine alikuwa askari wa chini, Mwafrika, naye alikuwa na machela na mgongo wake. Wakubwa wa nchi yao waliwatenga kwa sheria. Lakini hapo mwenzao alipoanguka, wote wawili walifanya tendo lile lile: walirudi. Mwungwana hajulikani kwa kiti alichokalia. Wakristo hufundishwa habari ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Na kila amjuaye Mungu, awe wa dini gani, hulielewa fundisho hilo bila kufafanuliwa.

7. Yeye asiyeonekana

Lakini kuna waliopotea ambao hakuna awezaye kuwafikia. Wafanyiwe nini hao?

Huko El Alamein limejengwa jengo la ukumbusho, lililofunguliwa mwaka 1954. Juu ya kuta zake yamechongwa majina ya askari wa nchi kavu zaidi ya 8,500 na watu wa anga zaidi ya 3,000, ambao makaburi yao hayajulikani. Jina la Frost limo humo. Huko Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo njia ya Ngong, uko Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki. Humo yamo majina ya askari wa Keya na wengineo waliokufa katika vita vya Uhabeshi na Somalia, wala makaburi yao hayajulikani. Mtoto wa mtu kama huyo aweza kwenda mpaka ukutani, akatafuta, akaweka kidole chake juu ya jina la baba yake au babu yake.

Je, wote waliandikwa? La, si wote, na hilo lazima lisemwe. Katika vita vya kwanza, vya mwaka 1914 mpaka 1918, Waingereza na Wajeremani walipigana Tanganyika, na pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa maelfu na maelfu kubeba vyakula na risasi. Jeshi la wapagazi wa Waingereza liliitwa Carrier Corps; watu wakalitamka Kariakoo, na jina hilo likabaki Dar es Salaam mpaka leo. Wapagazi hao walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa na kwa kuchoka, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wengi wao hawakupata kaburi lenye jina, wala ukuta wenye jina.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kuandika majina tangu mwaka 1917, ilichunguza vitabu vyake yenyewe na kukiri kosa. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita vile vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Tume ikaomba radhi.

Tazameni tofauti. Rubani mmoja alipotea, na jina lake, cheo chake na siku yake vimeandikwa katika jiwe. Ilikuwa haki afanyiwe hivyo. Mpagazi alipotea, wala hakuna ajuaye alikuwa mwana wa nani. Hilo halikuwa haki. Mchanga wa Libia ulimficha Frost, lakini mpagazi hakufichwa na mchanga. Alifichwa na mwandishi ambaye hakutia wino kalamu yake.

8. Habari hii na watu wa Katoro

Mwanafunzi wa Katoro aweza kuuliza, Mambo ya jangwa na ndege yanipasani mimi? Yanampasa sana.

Katika nchi ya Geita watu wengi huchimba dhahabu. Mashimo ya wachimbaji wadogo, ambayo wenyewe huyaita maduara, hushuka chini sana, na kuta zake hushikiliwa na miti, ndiyo matimba. Mvua ikinyesha nyingi, au matimba yakiwa mabovu, duara hutitia na watu hubaki chini. Hapo ndipo yanapoonekana ya Diredawa. Wako waendao zao, na wako warudio. Lakini arudiye na akumbuke jinsi wale marubani walivyofanya: mmoja alitua, wengine wakamlinda. Watu wote wakikimbilia ukingo wa shimo pamoja, udongo utawaangukia walio chini na wao wenyewe. Yafaa kwanza watu waondoke ukingoni, wenye ujuzi waitwe, kuta zitiwe matimba mapya, ndipo wachache washuke. Ushujaa usio na utaratibu huongeza idadi ya waliopotea.

Na iko kazi nyingine isiyo na hatari, ambayo hata mtoto wa darasa la tano aiweza. Wakati watu wanaposhuka duarani asubuhi, majina yao yaandikwe katika daftari, na jioni yahesabiwe. Daftari hilo ni kitu kidogo, lakini siku ya msiba ndilo lisemalo ni nani aliye chini na ni wangapi wa kutafutwa. Marubani walihesabiwa kila waliporudi. Mchimbaji naye ahesabiwe vivyo hivyo.

Tena, katika nyumba nyingi za Usukuma na Uzinza yako majina ya wazee waliokwenda Keya, au waliochukuliwa upagazi, wasirudi. Majina hayo hayamo katika ukuta wo wote. Yamo katika vinywa vya bibi na babu. Bibi akifa, jina hufa mara ya pili. Basi mwanafunzi ajuaye kuandika akae karibu na wazee wa kwao jioni, aulize kwa adabu: Nani alikwenda vitani katika ukoo wetu? Aliitwaje? Alikuwa mwana wa nani? Aliondoka mwaka gani, na habari zake za mwisho zilitoka wapi? Kisha ayaandike majibu katika karatasi, pamoja na jina la mzee aliyemwambia, aiweke mahali pasipofika mvua wala mchwa.

Kershaw alimrudia mwenziwe kwa ndege, na Majozi kwa miguu. Mwanafunzi atawarudia wa kwao kwa kalamu.

Maneno ya kujifunza

Hujuma: shambulio la ghafula.
Bunduki ya mtombo: bunduki itoayo risasi nyingi mfululizo.
Keya: jina walilopewa askari wa King's African Rifles.
Machela: kitanda cha kubebea mgonjwa au majeruhi.
Duara: shimo la wachimbaji wa dhahabu.
Matimba: miti inayoshikilia kuta za shimo lisititie.
Kutitia: kushuka au kuporomoka kwa ardhi.

Maswali

1. Barua za kwanza za ndege zilifika Mwanza kwa njia gani?
2. Kwa nini rubani wa Hurricane hakufyatua risasi akiwa mbali na adui?
3. Eleza kazi ya Kershaw siku ya Diredawa, na kazi ya wale waliobaki juu. Ni ipi iliyokuwa ya lazima zaidi? Toa sababu.
4. Kwa nini Frost hakuweza kuokolewa tarehe 16 Juni 1942?
5. Kershaw na Majozi walifanana kwa nini, na walitofautiana kwa nini?
6. Tume ya Makaburi ya Vita ilikiri kosa gani mwaka 2021?
7. Uliza nyumbani kwenu jina la mtu mmoja wa ukoo aliyekwenda vitani au safari ya mbali asirudi. Andika habari zake kwa mistari kumi, ukitaja jina la aliyekusimulia.